Pini ya Verediana na Mnyoo wa Matamvua

Njoni, enyi mliokula samaki wa Lundo bila kuuliza walifikaje sahanini! Njoni ninyi wa Ngumbo mnaojidai kuijua kila habari ya ziwa, nanyi Wamatengo wa milimani, mabingwa wa kulima ngolo, yale mashimo ya mlimani, mnaoteremka kwetu na mahindi kichwani na uchu wa kitoweo mdomoni. Ketini, zimeni viko vyenu, na mwenye mtoto amnyonyeshe anyamaze, kwa maana nasimulia vita. Wengine wamesimulia vita vya mikuki na vya bunduki, na babu zetu waliviona vyote viwili na hawakuvipenda. Mimi nasimulia vita vya pini moja na mnyoo mmoja, mdogo kiasi kwamba ukimweka juu ya ukucha wako utaona ukucha tu. Wala msiniulize nimeyajuaje. Mimi Ignatio, karani wa Jumbe, nilikuwepo, nami ndiye niliyeshika chupa.

Ulikuwa mwaka wa 1954, picha ya Malkia ikiwa bado mpya ukutani mwa ofisi yetu, wiki moja kabla ya Jumatano ya Majivu. Mvua ilikuwa inanyesha kama inayolipwa kwa siku. Ndipo aliposhuka mlimani kutoka Mbinga, kwa miguu, na wapagazi kumi na wawili nyuma yake, Bwana wa Samaki. Jina lake la ubatizo tulilisikia mara moja, ndimi zetu zikashindwa, tukaliacha. Jumbe Nazari alikuwa amesimama ufukweni, amevaa kanzu yake ya sherehe, hotuba ya makaribisho iko tayari kooni. Bwana akampita kama gogo. Akamwinamia magege, perege wa ziwa letu, aliyekuwa bado anatapatapa mtumbwini, akamfungua shavu, akachungulia matamvua yake, akasema, "Aha!" Tangu saa ile aliitwa Bwana Matamvua, na hotuba ya Jumbe haijasomwa mpaka leo.

Bwana Matamvua alikuja na hadubini, chombo cha shaba chenye jicho juu na jicho chini, nasi tukakiita Jicho la Shaba. Alitafuta mahali pakavu pa kukiweka. Lundo nzima katika majira yale ilikuwa na mahali pakavu pamoja tu, banda la kukaushia samaki la Verediana, ambamo moto hauzimwi. Basi akalitwaa kwa jina la serikali. Hakuomba.

Sasa, ulimi wangu, usiteleze, maana unafika kwake. Verediana! Mjane wa Kilian, mama wa Bonifasia, mkaushaji asiye na mfano toka Ngumbo hadi mwisho wa ghuba. Verediana mwenye chanja nne, Verediana mwenye pini. Chanja hizo Kilian alizijenga mwaka uleule aliokufa, miti yake akiichagua mmoja mmoja msituni, na mjane alizipenda namna anavyopendwa marehemu, yaani alizigombeza kila siku. Juu ya chanja hizo walikauka magege waliopanda mlimani kwa vichwa vya wanawake, na kutoka mlimani yalirudi mahindi. Majira yale ghala za Lundo huwa tupu. Chanja zikisimama, tunakula ugali. Zikianguka, tunakula samaki kwa samaki.

Na pini? Aliye mbali na asiyemjua tekenya na amshukuru Mungu wake. Tekenya ni kiroboto wa mchanga anayeingia chini ya ukucha wa mguu, akatulia humo kama mwenye nyumba, akavimba mfuko wa mayai. Ukimtoa vibaya, mfuko ukapasukia ndani, kidole kinaoza. Sharti atoke mzima na mfuko wake mzima. Verediana, kwa pini ya shaba aliyoinoa juu ya jiwe la ziwani, alikuwa amewatoa tekenya Lundo yote, na hakupata kupasua mfuko hata mmoja. Hata padre wa misheni alimletea kidole gumba chake, akavumilia, akaondoka akimsifu.

Mtu mmoja tu hakuwahi kumpelekea mguu, naye alikuwa Mwalimu Meinrad, mume wa Bonifasia. Kwetu, mkwe ni mkwe. Mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni, hali mbele yake, hasemi naye ana kwa ana. Sasa huo mguu ataukabidhi vipi? Mwalimu alikuwa na tekenya kidole gumba cha kulia tangu Noeli. Bonifasia alijaribu mara mbili akaharibu mara mbili, na mume akawa anachechemea kwenda shuleni na kurudi, huku dawa yake ikikaa nyumba ya tatu kutoka kwake. Kijiji kizima kilijua, na Verediana alijua kuliko wote. Aliposikia hatua zile za kupiga na kuburuta zikipita nje ya banda, alikuwa akiinama na kuchochea moto usiohitaji kuchochewa.

Siku ya tatu Bwana Matamvua akatuita barazani. Alisema Kiswahili cha kitabuni, na palipozidi ugumu alihamia Kiingereza, Mwalimu Meinrad akatafsiri.

"Watu wa Lundo!" alisema, mguu mmoja juu ya boksi. "Katika matamvua ya magege wenu anaishi mnyoo bapa. Ana macho manne, na nyuma ana kulabu anazojishikizia. Katika nchi ya mbali mnyoo wa namna hii ameua samaki wa mabwawa, wakaelea matumbo juu. Huko Mbinga serikali imechimba mabwawa mapya. Kwa hiyo natangaza: magege wa Lundo hapandi mlimani, awe mbichi, awe mkavu, mpaka mnyoo huyu ajulikane ni nani."

Verediana akasimama. "Bwana, mimi samaki wangu namtoa matamvua kabla sijamlaza chanjani, kisha moto unamla siku mbili. Mnyoo atakayepona hapo si mnyoo, ni shetani, mwiteni padre."

Bwana Matamvua akaitazama karatasi yake, akaigeuza, akaitazama nyuma. "Amri haisemi habari ya moto," akajibu.

"Basi atajulikanaje?" aliuliza Jumbe.

Hapo Bwana akahamia Kiingereza, akanena kirefu, akichora hewani kwa kidole. Mwalimu Meinrad alisikiliza, na kadiri alivyosikiliza ndivyo jasho lilivyomtoka. Bwana aliponyamaza, Mwalimu alikohoa. "Anasema wanafanana kwa yote," akasema. "Kulabu, macho, yote. Wanatofautiana mahali pamoja."

"Mahali gani?" aliuliza Jumbe.

Mama mkwe wake alikuwa amekaa hatua nne kutoka pale. "Mahali," alisema Mwalimu. Baraza likafungwa.

Ukweli alitueleza mimi na Jumbe baadaye, nyuma ya choo cha shule, kwa sauti ya mtu anayeungama. Mnyoo yule ana kiungo cha kiume, mrija mgumu mdogo ajabu, na kila kabila la minyoo lina mrija wa umbo lake. Wa yule mwuaji wa mbali umenyooka kama sindano. Wataalamu wa Ulaya hawamtambui mnyoo kwa uso wala kwa anakotoka. Wanamtambua kwa hapo tu. Tena, akasema Mwalimu akizidi kunong'ona, mnyoo huyohuyo mmoja ana kiungo cha kike pia, na mfuko wa yai, vyote katika mwili mmoja.

Jumbe alitafakari sana. "Kila mmoja mume na kila mmoja mke?" alisema. "Basi mkwe wa nani ni nani?"

"Hawana ukwe, Jumbe."

"Raha iliyoje," alisema Jumbe, akitazama mguu wa Mwalimu.

Na sasa nieleze kosa, maana historia isiyotaja makosa ya wenyeji ni barua ya kuomba kazi. Bwana Matamvua alikuwa na homa, mkono unatetemeka na macho hayaoni sawasawa, kwa hiyo kazi ya kumtazama na kumchora mnyoo akamkabidhi Mwalimu Meinrad, ambaye aliweza kuchora hata tembo ubaoni ukaogopa. Alichorea bandani, mbele ya Jicho la Shaba, akimpa mgongo Verediana, naye Verediana akikaa kwenye kigoda chake asiondoke, akitaka kuhakikisha kwa macho yake kwamba kazi ya kuokoa chanja zake inakwenda. Mwalimu akachora macho manne, hata kope ningeapa nimeziona. Akachora kulabu zote. Akafika katikati ya mwili wa mnyoo, na hapo nikaona kalamu inasimama hewani. Akageuza kichwa kidogo, akakiona kigoda kwa pembe ya jicho. Akapiga mstari mmoja wa heshima kutoka ubavu huu hadi ubavu ule, akaweka chini kalamu. Mnyoo akaenda makao makuu amesitiriwa.

Majibu yalichukua majuma matano. Majuma matano ya Kwaresima, ambamo mlimani walifunga nyama na samaki hawana, nasi chini tulikuwa na samaki na unga hatuna! Wanawake walikaa na makapu yao. Watoto wa Lundo waliomba ugali kwa sauti ambayo sitaisahau, na Verediana alizipangua na kuzipanga chanja zake, akiwasha moto mdogo usio na kazi, ili zisipate unyevu. Nilimkuta siku moja analia hapo. Alisema ni moshi.

Ijumaa kabla ya Jumapili ya Matawi barua ikafika, na pamoja nayo askari wawili wa Boma wenye debe la mafuta ya taa. Bwana Matamvua akaisoma mbele yetu: "Mnyoo aliyechorwa hana kiungo cha kiume. Mnyoo asiye na kiungo hatambuliwi na ofisi hii. Amri iendelee mwaka mzima, na chanja za Lundo zichomwe Jumamosi saa sita mchana, ili watu wasishawishike."

"Mwalimu!" alifoka Bwana. "Kiko wapi?"

"Bwana, kilikuwepo."

"Mbona hukukichora?"

"Bwana, palikuwa na watu."

Jumbe Nazari akapata nafasi aliyonyimwa ufukweni. Akaiweka sawa kanzu yake, akasimama mbele ya Bwana. "Bwana mkubwa," alisema, "wewe umetoka mbali, na huko kwenu pengine mtu huchora lolote mbele ya yeyote. Hapa, huyu aliyekaa kigodani amemzaa mke wa huyu aliyeshika kalamu. Ungemwambia Mwalimu aruke ziwani angeruka. Ungemwambia amchoree mama mkwe wake kiungo, hata cha mnyoo, hata cha chawa wa mnyoo, asingeweza. Hakukuasi wewe. Alimheshimu yeye."

Bwana Matamvua alicheka, kisha akaona kwamba anacheka peke yake. "Nitamtayarisha mwenyewe mnyoo mwingine," alisema. "Nina mpaka kesho saa sita. Nikimtambua, saini yangu inatosha kuifuta amri."

Enyi wasikilizaji, laiti mngeyaona mauaji ya Ijumaa ile! Bwana aliketi mbele ya Jicho la Shaba, mimi pembeni nimeshika chupa ya spiriti, na akaanza kuwang'oa minyoo kwenye matamvua kwa sindano yake. Alipowaona akawafuata kwa nguvu, na walipokwepa akawachoma. Aliyebahatika kufika mzima juu ya kioo alifunikwa na kioo kingine chembamba kuliko gamba la samaki, kisha Bwana akakibonyeza kwa dole gumba ili mnyoo alale bapa. Mnyoo anapasuka, kioo kinapasuka, Bwana anasema neno ambalo Mwalimu hakulitafsiri. Alikuwa na vioo vya kufunikia kumi na viwili. Jumamosi saa nne asubuhi kilikuwa kimebaki kimoja. Askari walikuwa wameshaliweka debe chini ya chanja ya kwanza.

Ndipo mlango ukawa na giza, na giza lile lilikuwa Verediana.

"Jumbe, shikamoo," alisema. "Bwana, hujambo. Mwalimu, sikuoni."

Mwalimu akageukia ukuta.

"Bwana," alisema Verediana, "tangu jana nasikia unaua viumbe bandani kwangu. Mkono wako unamwendea huyo mdudu kama mtu anayechimba muhogo. Nipishe."

"Mama, hii ni kazi ya wataalamu. Mnyoo huyu ni mdogo kuliko tekenya."

"Ni mdogo, ndiyo. Lakini hajajificha ndani ya mguu wa mtu anayepiga kelele. Kwangu mimi huyo ni mapumziko." Kisha sauti yake ikashuka, akasema na sisi sote. "Tena nisikieni. Mwalimu hana kosa. Kosa ni langu. Nilijua nikiwepo hataweza, nikakaa vilevile, nikidhani macho yangu yatazilinda chanja za Kilian. Ndiyo yaliyoziponza. Leo sitamponza tena. Leteni mkeka."

Tukaleta mkeka mkubwa wa kulalia. Ukasimamishwa wima katikati ya banda, Jumbe ameshika pembe moja, mimi nyingine, mkono mmoja mkeka na mkono mmoja chupa. Upande mmoja alikaa Verediana na Jicho la Shaba na Bwana Matamvua. Upande wa pili Mwalimu Meinrad na karatasi yake, ukuta nyuma, mkwe asiyeonekana mbele. Hakuna ngome iliyowahi kusimamishwa kwa haraka hivyo, na serikali haikushirikishwa.

Verediana akachomoa pini kwenye kitambaa cha kichwa. Akainamia Jicho la Shaba. Pini ikaingia katika kisahani cha maji chenye tamvua chini ya Jicho, ikaenda kushoto. Akaiona inakwenda kulia. Akaipeleka mbele, ikarudi nyuma. Maana ndani ya Jicho lile kila kitu kimegeuzwa, na hapo ndipo Bwana alipokuwa akipigana na mkono wake mwenyewe siku mbili bila kukiri. Verediana aliacha. Akacheza na maji matupu kwa pini, kulia, kushoto, mpaka mkono ukakubali dunia ile ya kinyume. Hakuwa na haraka. Askari mmoja alikohoa mlangoni kuonyesha jua lilipofika.

Akaanza. Hakumchoma mnyoo. Alimzunguka, akitekenya nyama ya tamvua pembeni mwa kulabu, moja baada ya nyingine, kama anavyouzunguka mfuko wa tekenya, huku akinong'ona, "Toka baba, toka mama, wewe ni vyote viwili, toka na nyumba yako." Mnyoo akajikunja, akajinyoosha, akashika tena. Verediana akangoja. Kulabu moja ikaachia. Akangoja. Kisha pini ikainuka, na kwenye ncha yake palikuwa na tone la maji, na ndani ya tone alikuwemo mnyoo mzima, macho yake manne wazi.

Akamweka juu ya kioo. Kioo cha mwisho cha kufunikia akakishika kingo, akakilaza kwa upande mmoja kwanza, akakishusha taratibu. Hapo Bwana Matamvua, kwa mazoea, akaleta dole gumba lake ili abonyeze.

Pa! Verediana alimpiga Bwana kofi mkononi.

Ulimi wangu, simama hapa kidogo. Mkono ule ulikuwa na saini ya kuzuia samaki na kuchoma chanja. Askari wakatazamana, wakatazama debe, wakaamua hawakuona. Bwana mwenyewe aliutazama mkono wake kama mtu aliyekumbuka shule.

"Huwa habonyezwi," alisema Verediana. Akachukua pindo la kaniki yake, akaligusisha pembeni mwa kioo. Kaniki ikanywa maji. Maji yalivyopungua, kioo kikashuka chenyewe, polepole, na mnyoo akalazwa chini yake bapa, mzima, bila kupasuka mahali popote. Akainamia Jicho.

"Sikia, wewe mkeka!" alisema kwa sauti kuu. "Nasema nawe, simsemi mtu. Nakiona. Ni mrija mgumu, haukunyooka hata kidogo. Umejikunja mara mbili na nusu, kama ule mkono mwembamba wa mboga ya maboga unaojisokota kwenye uzio. Pembeni yake kuna kijiti kimeulalia. Umesikia, mkeka?"

Nyuma ya mkeka kalamu ilianza kukwaruza.

"Na kando huku," aliendelea, sauti ikilainika, "kuna mfuko, na ndani yai moja tu, lenye mkia mrefu. Maskini! Ana yai." Akaondoa jicho, akalifuta. Safari hii hakusema ni moshi.

Bwana Matamvua akainama, akatazama, akafungua kitabu chake penye ule mrija ulionyooka kama sindano, akatazama tena. "Siye," alisema. "Huyu siye kabisa. Huyu hajaandikwa popote duniani." Hakusema tumewaweka watu na njaa majuma matano kwa ajili ya asiyekuwa yeye. Alisema tu kwamba inapendeza mno.

Sasa ikabidi Mwalimu ajionee mwenyewe, na Jicho la Shaba halikuweza kusogezwa, kioo kisije kikateleza. Basi tukausogeza mkeka. Jumbe na mimi tuliuzungusha kuizunguka meza ya Jicho hatua kwa hatua, Verediana akirudi nyuma upande mmoja huku Mwalimu akisonga mbele upande wa pili, bila mmoja kumwona mwenzake, mpaka Jicho likawa upande wake. Akatazama. Akachora. Jua lilikaribia utosini, askari wakikaa juu ya debe lao.

"Umekichora?" iliuliza sauti kutoka upande wa pili.

Mtu yule hakuwa amepata kumjibu mama yule ana kwa ana tangu siku ya ndoa yake.

"Nimekichora, Mama."

"Chote?"

"Chote, Mama. Mara mbili na nusu. Na kijiti."

Saa sita kasorobo Bwana Matamvua akatia saini. Magege wa Lundo wapande! Wanawake hawakungoja wino ukauke. Samaki wa Verediana, aliowakausha kwa ukaidi juma lile la mwisho amri ikiwa bado juu ya kichwa chake, walikuwa tayari makapuni, na msafara ukaushika mlima ukiimba, na kwa Ijumaa Kuu hapakuwa na nyumba Mbinga iliyokosa mkia wa magege chunguni, wala nyumba Lundo iliyokosa unga. Debe la mafuta ya taa Jumbe alilishikilia kama ushahidi. Liliwasha taa yake hadi Agosti. Bwana Matamvua akaondoka na kioo chake kwenye kisanduku chenye pamba, na baadaye tukasikia mnyoo amepewa jina la Bwana, na kitabuni imeandikwa kwamba alitayarishwa na Bwana. Ndiyo maana ninasimulia mimi.

Lakini ushindi ule haukuwa wa mwisho. Watu walipotoka, Jumbe alisahau kuamuru mkeka ushushwe. Tukabaki tumeushika, mikono inauma, Verediana huku akifuta pini yake, Mwalimu kule akikusanya karatasi. Tulisikia karatasi zinakusanywa, zinakusanywa tena. Kisha hazikusikika.

Na chini ya ukingo wa mkeka, polepole kama mnyoo anayeachia kulabu, ukatokeza mguu.

Ulikuwa mguu wa kulia, kidole gumba kimevimba kama yai. Verediana aliutazama. Jumbe Nazari alitazama dari, nami nikatazama dari, tukaiona ina masizi ya kutosha kutazamwa. Verediana akaketi chini, akaupakata mguu ule, akanyoosha mkono wake kwangu bila kugeuka.

"Ignatio," alisema. "Hiyo chupa."

Nikampa. Mimi niliyeishika chupa siku mbili nisijue kwa nini, nikampa! Akaosha kidole, akaosha pini, akazunguka, akangoja, akazunguka. Upande wa pili wa mkeka mtu mzima, mwalimu wa shule, aliuma kofia yake. Kisha mfuko ukatoka, mweupe, mzima, hata yai moja halikubaki. Verediana akaurudisha mguu chini ya mkeka kwa mikono miwili, kama mtu anavyorudisha chombo cha jirani.

Iandikeni, enyi wenye kalamu. Iandikeni karibu na vita vile vingine, na msiiandike kwa herufi ndogo. Kesho yake, Jumapili ya Matawi, Mwalimu Meinrad aliongoza maandamano kanisani na tawi mkononi, akitembea wima, hatua zake sawasawa, na sisi watu wa Lundo wote hatukuyatazama matawi. Tulitazama miguu. Verediana peke yake, kwa heshima ya ukwe, aliinamisha kichwa, akasikiliza.